Msumeno Unaozima Ukiachia Mafuta: Tafuta Hewa ya Wizi Kabla ya Kununua Kabureta

Swali limetoka kwa mpasuaji mbao wa Paidha, wilaya ya Zombo, Uganda. Nalifupisha bila kubadilisha maana:

"Shikamoo fundi. Nina pawasoo ya cc 72, sasa ina miaka mitatu. Asubuhi inawaka bila shida, lakini ikishapata moto nikiachia mafuta inazima. Nikikaza ile skrubu ya sailensi (mlio wa chini injini ikiwaka bila kubonyezwa mafuta) haizimi, ila cheni inazunguka yenyewe hata sijabonyeza kitu. Kuna wakati resi inapanda na kukawia kushuka, na nikiulaza msumeno upande kukata kisiki unalia juu sana. Nimeweka plagi mpya, kabureta nimeiosha zaidi ya mara moja. Fundi mmoja anasema kabureta imekufa ninunue nyingine. Mwingine anasema ni hewa ya huku milimani, kwa sababu msumeno tuliutyuni tukiwa Pakwach, kule bondeni. Nimsikilize nani?"

Marahaba, ndugu yangu. Kabureta usinunue bado. Na hiyo skrubu ya sailensi irudishe ilipokuwa, leo hii, kabla hujaupeleka msumeno kwenye mti mwingine. Cheni inayozunguka huku kidole chako kiko mbali na mafuta ni jambo la hatari kuliko hasara yoyote ya pesa. Unapiga hatua moja kati ya matawi, unateleza, upanga wa msumeno, ule unaobeba cheni, unagusa paja. Msumeno ukiwa kwenye sailensi cheni lazima isimame kabisa. Usipoweza kuufikisha hapo, haufai kufanya kazi siku hiyo, hata kama lori la mbao linakusubiri barabarani.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Umeandika dalili tatu zinazokwenda pamoja: unazima ukiachia mafuta baada ya kupata moto, resi inakawia kushuka, na mlio unapanda ukiulaza. Ingekuwa ya kwanza peke yake, ningeweza kukutajia sababu kumi. Zikiwa zote tatu, nashuku kitu kimoja kabla ya vingine: kuna hewa inayoingia kwenye injini bila kupitia kwenye kabureta. Hiyo ndiyo naiita hewa ya wizi.

Injini ya tu-stroki, kama ya msumeno wako, inapumua kwa tumbo lake. Pistoni ikipanda, inavuta hewa, petroli na oili kutoka kwenye kabureta mpaka kwenye krankikesi, yaani tumbo la injini lililo chini ya pistoni. Ikishuka, inausukuma mchanganyiko huo juu kwenye silinda. Sasa mpira unaounganisha kabureta na silinda ukipasuka, au sili za kranki (mipira ya duara inayobana shafti ya injini hewa isipite) zikichakaa, injini inavuta hewa tupu kupitia hapo. Ni sawa na kunywa soda kwa mrija uliotoboka: unavuta kwa nguvu, kinachofika mdomoni ni upepo.

Kwa nini inasumbua zaidi kwenye sailensi? Kwa sababu ukibonyeza mafuta mpaka mwisho, hewa halali inayopita kwenye kabureta ni nyingi mno, na ile ya wizi inapotea ndani yake. Ukiachia, kipepeo cha kabureta, kile kibamba kinachofungua na kufunga njia ya hewa, kinakaribia kufunga, hewa halali inabaki kidogo sana, na hapo ile ya wizi inakuwa na kauli. Petroli inakuwa haba. Injini ama inazima, ama inapaa resi kwa ukame, yaani hewa nyingi na petroli kidogo. Nawe ukikaza skrubu ya sailensi unafungua kipepeo zaidi ili injini isizime. Umeficha dalili, ugonjwa umebaki palepale.

Na ugonjwa wenyewe unaua injini. Msumeno huu hauna oili nyingine ya kulainisha pistoni isipokuwa ile iliyochanganywa na petroli. Petroli ikiwa haba, oili nayo ni haba, wakati huohuo moto ndani ya silinda unapanda. Mpasuaji mbao yuko kwenye hatari kubwa kuliko mkata kuni, maana kupasua gogo la mkaratusi kwa urefu kunataka mafuta mpaka mwisho kwa dakika nyingi mfululizo. Kwa hiyo kabla ya yote, fungua boliti za ekzosi, itoe, uchungulie kwenye tundu la silinda kwa tochi huku ukivuta kamba polepole. Pistoni ikiwa laini na inang'aa, umewahi. Ukiona mikwaruzo iliyosimama wima, kama imeparuzwa na msumari, pistoni imeanza kuliwa, na matengenezo yatakuwa makubwa zaidi ya haya ninayoandika hapa. Ukiwa hapohapo, angalia wavu mdogo wa kuzuia cheche kwenye ekzosi kama unao. Ukiziba kwa masizi, injini inakosa pa kutolea moshi na inakuwa nzito.

Yapo mambo madogo ya kuondoa njiani, na hayachukui muda. Filta ya hewa ioshe au ibadilishe. Kiangazi cha West Nile, kuanzia Desemba, kinaijaza vumbi jekundu kwa siku chache tu za kazi. Plagi umebadilisha, sawa, lakini angalia rangi yake sasa. Ikiwa nyeupe na kavu, inathibitisha ukame ninaoushuku. Ikiwa nyeusi na imelowa, mafuta ni mengi kupita kiasi, na itabidi tufikiri upya. Nafasi kati ya ncha za plagi kwa misumeno mingi ya aina hii ni milimita 0.5. Kisha filta ya petroli iliyo ndani ya tangi: ivute nje kwa waya uliokunjwa ncha. Ikiwa imekuwa ngumu na nyeusi, weka mpya.

Jaribio moja dogo lifanye kwa makini: msumeno ukipata moto na kutaka kuzima, legeza kifuniko cha tangi la petroli. Uzime injini kwanza, ufungue mbali na ekzosi, na pasiwe na anayevuta sigara karibu. Ukisikia kifuniko kinavuta hewa kwa sauti, na ukiwasha tena injini inatulia kwa muda, basi tundu la kupumulia la tangi limeziba. Petroli inatoka, hewa haiingii, tangi linaanza kuvuta kinyume. Hilo hutibiwa kwa kusafisha kipumulio tu, na kuna watu wengi wamenunua kabureta kwa sababu yake.

Hayo yakiwa salama, nenda kwenye mpira wa kuingizia hewa, ule ulio katikati ya kabureta na silinda. Hapa usitazame kwa macho tu. Mpira ukiwa umetulia, ufa hufumba na utaapa kwamba ni mzima. Toa kifuniko na filta, shika kabureta kwa vidole, ivute kidogo kuja kwako kisha ikunje kushoto na kulia, huku mwenzako anamulika tochi kwenye mikunjo. Ufa unafumbuka kama mdomo, mara nyingi upande wa chini usioonekana, mahali ambapo mtikisiko wa injini na joto la silinda vinakutana. Angalia pia bangili inayobana mpira kwenye silinda. Ikilegea, mpira ni mzima lakini hewa inapita. Joto la mchana hulegeza mpira, na ndiyo sababu asubuhi msumeno wako unajifanya mzima.

Karibu na hapo kuna kipira kingine kidogo, chembamba, kinachotoka krankikesi kwenda kwenye kabureta. Kabureta ya msumeno haina boya kama ya bodaboda, na ndiyo maana inafanya kazi hata ukiigeuza juu chini. Ina pampu ndani yake, yaani utando mwembamba unaosukumwa na mapigo ya presha kutoka tumbo la injini, na mapigo hayo hupita kwenye kipira hicho. Kikipasuka, unapata madhara mawili kwa pamoja: hewa ya wizi inaingia, na pampu inakosa nguvu ya kuleta petroli.

Ukikuta ufa, tafadhali usiuzibe kwa silikoni ya kawaida ya gasketi, wala usiufunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nimeona matengenezo hayo mengi. Petroli inailegeza silikoni hiyo, tyubu inavimba, na vipande vinavyong'oka vinavutwa ndani ya injini. Nunua mpira wenyewe, mpya. Bei yake haikaribii bei ya pistoni na silinda.

Mpira ukiwa mzima, tunabaki na sili za kranki, na kwa dalili yako ya kulaza msumeno, hapa ndipo macho yangu yapo. Kranki ina sili mbili: moja nyuma ya flaiwili, upande wa kamba, nyingine nyuma ya klachi na pampu ya oili ya cheni. Ukiulaza msumeno, uzito wa kranki unahama kidogo ndani ya beringi. Sili nzima inafuata huo mhamo. Iliyokauka na kupoteza unyumbufu inaachia nafasi upande mmoja, hewa inaingia, mlio unapanda. Toa kifuniko cha kamba, ushike flaiwili kwa mikono miwili, uisukume juu na chini. Ikicheza juu-chini, tatizo si sili peke yake. Beringi zimeliwa, na ukiweka sili mpya zitachakaa upesi tena. Angalia pia uchafu ulio nyuma ya flaiwili. Ukiwa umelowa na kunuka petroli, umeipata njia.

Uhakika kamili unatokana na kupima presha, na kazi hiyo haihitaji karakana kubwa. Toa kabureta na ekzosi. Ziba tundu la ekzosi kwa kipande cha mpira mnene ukibane kwa boliti za ekzosi zenyewe, ziba pia mpira wa kuingizia hewa, uache plagi mahali pake na pistoni iwe chini. Kisha ingiza upepo kupitia kile kipira chembamba cha mapigo. Mafundi wa viwandani hutumia presha ya baa 0.5. Usitumie pampu ya baiskeli bila geji, utazing'oa sili ukijaribu kuzipima. Kifaa cha kupimia presha ya damu, kile chenye kibofu cha kuminya na saa, kinafaa vizuri: saa yake inafika milimita 300 za zebaki, ambazo ni sawa na baa 0.4 hivi. Minya mpaka karibu na hapo, funga, uangalie mshale. Ukishuka upesi, paka povu la sabuni kwenye kila kiungio: sili zote mbili, gasketi ya silinda, shina la plagi. Povu litakuonyesha kwa mapovu yake.

Kuna sili inayohimili upepo wa kusukuma lakini inashindwa na wa kunyonya, kwa kuwa mdomo wa sili umetengenezwa kubana zaidi presha inapotoka ndani. Mshale ukisimama imara na dalili zako bado zipo, mtafute fundi mwenye pampu ya kunyonya afanye jaribio la pili kabla ya kusema sili ni nzima.

Kubadilisha sili unaweza kujifanyia ukiwa na subira. Kuzuia pistoni, toa plagi, uingize kamba laini ndani ya silinda, uzungushe mpaka pistoni iikandamize kamba na kukwama. Usitumie bisibisi wala chuma chochote, utatoboa kichwa cha pistoni. Nati ya klachi kwa misumeno mingi imekatwa kinyume: hufunguka ukizungusha kwa mwendo wa mshale wa saa, na wengi wameivunja kwa kutojua hilo. Sili ya zamani ing'oe bila kukwaruza shafti, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye shafti unaila sili mpya ndani ya wiki chache. Mdomo wa mpya upake grisi kidogo kabla ya kuiingiza. Ukienda Arua kununua, beba ya zamani mkononi. Juu yake kuna namba tatu, kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, kwa milimita. Mwuzaji akikuambia "hii inakaribiana," usichukue.

Nimsikilize nani, umeuliza. Fundi wa hewa ya milimani hajakosea kanuni, amekosea upande. Pakwach iko chini kabisa, kwenye Nile, mita 600 na kitu juu ya bahari. Kwenu Paidha ni zaidi ya mita 1,500. Hewa hupungua kwa takriban asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Msumeno uliotyuniwa Pakwach ukipandishwa Paidha unapata hewa pungufu, petroli ileile; kwa hiyo unakuwa na mafuta mengi kupita kiasi. Utatoa moshi, utakuwa mzito, plagi itakuwa nyeusi, na unaweza kuzima kwenye sailensi kwa kuzama mafuta. Lakini hautapaa resi, na hautakawia kushuka. Hizo ni dalili za ukame. Hatari ya kweli ni safari ya kinyume: mtu anautyuni msumeno Zombo, anateremka nao bondeni kufanya kazi kwenye joto, hewa inakuwa nzito, petroli haijaongezwa. Anayefanya kazi juu na chini kama wewe lazima aujue mguso wa skrubu zake.

Fundi wa kabureta naye tumpe haki yake. Kabureta inaweza kuwa mbovu. Utando wa ndani ukikauka na kuwa mgumu, hauinui sindano ya petroli sawasawa. Ushike utando huo: ukiwa laini kama ngozi ya ndani ya kitunguu, ni mzima, ukilia kama karatasi unapoukunja, umekufa. Lakini hata hapo dawa ni seti ya tando, gasketi na sindano, inayouzwa peke yake kwa bei ndogo. Kuosha tu, kama ulivyofanya, hakufufui utando. Na kama uliuosha kwa upepo wa kompresa bila kuutoa nje, huenda ukawa umeuchana.

Ukishaziba hewa ya wizi, na si kabla, ndipo utyuni. Injini iwe na moto, filta safi, cheni isibane kupita kiasi. Skrubu ya L (petroli ya mwendo wa chini) na ya H (petroli ya mwendo wa juu) zifunge kwa upole mpaka ziguse, bila kukaza, kisha zifungue mzunguko mmoja kila moja. Hapo ni pa kuanzia kwa misumeno mingi, ila kitabu cha msumeno wako kikisema tofauti kifuate. Kwenye L, kufunga ni kupunguza petroli, kufungua ni kuongeza. Zungusha taratibu mpaka usikie sailensi imefika juu kabisa, kisha fungua kidogo, kama robo ya mzunguko, mpaka ukibonyeza mafuta ghafla injini ipokee bila kusita. Baada ya L ndipo uguse skrubu ya sailensi: ikaze mpaka cheni ianze kutaka kutembea, kisha ilegeze mpaka cheni isimame kabisa, na uilegeze robo mzunguko zaidi kwa usalama. Misumeno ya ukubwa huu hukaa kwenye mizunguko kama 2,500 hadi 2,800 kwa dakika. Halafu uulaze kushoto, uulaze kulia, uelekeze upanga chini. Sailensi isipobadilika popote, umepona.

H usiifunge kutafuta kasi. Mafuta yakiwa mpaka mwisho na cheni haijagusa mti, injini ikorome kidogo. Ikiingia kwenye gogo, mlio ulainike. Ikiwa inalia kama nyuki hata bila mzigo, ongeza petroli mara moja.

Baada ya yote, kama sailensi iko chini na imetulia lakini cheni bado inatambaa, basi ni klachi. Springi zake zimenyooka au moja imekatika, viatu vinafunguka mapema. Zibadilishe zote kwa pamoja.

Kuhusu mafuta, nakuomba usinunue petroli ya chupa za barabarani kwa ajili ya msumeno. Ikichanganywa na mafuta ya taa, bodaboda inaweza kuvumilia. Pistoni ya msumeno haivumilii. Ukishuku, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe kabla hujaweka oili: petroli safi hukauka bila kuacha doa, mafuta ya taa huacha alama ya mafuta. Oili iwe ya tu-stroki, si ile ya injini ya bodaboda. Stihl, kwa mfano, wanataka 1:50 kwa oili yao wenyewe, yaani mililita 20 kwa lita moja ya petroli, na 1:25, mililita 40 kwa lita, kwa oili nyingine za tu-stroki. Pima kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa, usikisie kwa kifuniko cha chupa. Changanya kwenye jerikani yenye kifuniko kinachobana, kiasi cha kazi ya wiki mbili tatu, uiweke kivulini, na uitikise kila unapojaza tangi.

Ukimaliza kupima presha, niandikie mshale ulishukaje na povu lilitoka upande gani, wa flaiwili au wa klachi. Nikijua hilo nitakuambia kama ununue sili peke yake au na beringi.